Naomba ushauri: mlinzi aliyekosa drafti (uteuzi wa wachezaji wapya) ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, apime nini kabla ya kusaini?

Wakuu, habari zenu. Kuna kijana anacheza mwisho wa mstari wa ulinzi chuoni, kilo 112, kazi yake kumkimbiza kwotabeki, yule mrusha mpira wa timu pinzani. Tuchukulie raundi zote 7 za drafti zimekwisha bila jina lake kutajwa. Timu mbili zinampigia: moja ina bonasi nono lakini wazoefu wa nafasi yake wamejaa, nyingine bonasi kiduchu na pale pamepwaya.

Naegemea ya pili. Kambini wanaingia 90, mwisho wa Agosti wanabaki 53. Akikatwa, tegemeo ni kikosi cha mazoezi (wachezaji wa akiba walio nje ya wale 53), ambako anaweza kupandishwa kwa mechi 3 tu za msimu wa kawaida kabla ya timu kulazimika kumsaini kikosini. Na hapo ndipo wengi wanapoumia: wiki za kikosi cha mazoezi hazihesabiki kuelekea uhuru wa kuhama. Msimu unahesabika akiwa na mechi 6 kwenye kikosi kamili. Akiwa na misimu iliyohesabika chini ya 3, mkataba ukiisha timu yake ikimpa ofa ya kima cha chini, hawezi kuzungumza na wengine.

Kinachonitatiza ni mfumo. Timu ya pili inacheza 3-4 (walinzi 3 kwenye mstari wa mbele, lainibeka 4 nyuma yao), yaani kwa uzito huo atageuzwa lainibeka wa nje, arudi nyuma kukaba wapokeaji, kitu ambacho hajafundishwa. Ya kwanza ni 4-3 (wanne mbele, lainibeka 3), ataanza mstarini mkono ukiwa chini kama alivyozoea.

Je, mfumo uzidi nafasi? Na sehemu ya mshahara iliyodhaminiwa humkinga kweli asikatwe, au makocha hutazama zaidi anavyokimbia kwenye timu za mateke (vikosi vya kupiga na kurudisha mipira ya mateke)?