Nimeokota kigari cha Matchbox Karume: nikipake rangi au nikiache?

Bin Chumbageni:
Wakuu, habari za jioni. Msinicheke, nina miaka 46 na nimeanza tena kununua vigari vya kuchezea. Nilikwenda soko la Karume kutafuta jinzi, nikakuta kijana kamwaga midoli ya mtumba kwenye turubai: mikono ya wanasesere, rimoti zisizo na wenzake, na katikati Land Rover ya bluu, ndefu kama kidole. Nikaganda. Akataja buku tano, nikaondoka nacho kwa buku mbili.

Kilichonigandisha ni Tanga, mwaka 1986. Wengi wetu tulijitengenezea magari ya waya, matairi tukichonga kwenye kandambili zilizokatika. Rafiki yangu wa kufa na kuzikana aliletewa na mjomba wake baharia Land Rover kama hii hii, ina mizigo kwenye keria. Akaniazima siku moja. Nikaiendesha ukingoni mwa mtaro, ikatumbukia, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nikamwambia niliiacha barazani kwao. Akachapwa yeye kwa kupoteza. Mpaka leo sijamwambia.

Sasa hiki cha Karume rangi imebanduka kwenye boneti na pembe za paa, mizigo ina alama za meno (kuna mtoto Ulaya huko alikitafuna), ekseli moja ina kutu. Nataka nikipake bluu mpya, king'ae, nimpelekee. Rangi gani inashika kwenye kitu kidogo namna hii? Shemeji yenu kashasema kama ni rangi, tuanze na geti.

Fundi Cherehani:
Mkuu, weka brashi chini! Geuza usome tumbo. Ukiona Lesney (ndiyo kampuni iliyotengeneza Matchbox) na England, hicho ni cha kabla kampuni haijafilisika 1982. Ni Safari Land Rover, namba 12, ilitoka 1965. Jina waliokota kwetu, wakatuuzia. Na Matchbox kweli ni kiberiti: binti wa Jack Odell, mhandisi wao, shuleni kwake waliruhusiwa kichezeo kinachoenea kwenye kasha la kiberiti tu.

Angalia ekseli. Nene ni za zamani. Nyembamba kama waya ni Superfast, walizoleta 1969 ili vigari vikimbie, maana washindani wao, Hot Wheels, walikuwa wameingia 1968 na watoto wamehamia huko.

Rangi yake ya kiwandani, hata iliyobanduka, mkusanyaji anaitaka. Ukipaka mpya atakuuliza unaficha nini. Maji ya vuguvugu, sabuni ya kipande, mswaki laini wa mtoto, kausha hapo hapo, kisha tone la mafuta ya cherehani kwenye ekseli. Thina usiisogeze, ile mizigo ni plastiki.

Mla Mbivu:
Miaka 46 unanunua midoli? Wenzako tunanunua saruji.

Mama Nuru:
Mla Mbivu, pita kimya. Mimi nina wanasesere kumi na mmoja, baba Nuru anajua ni wa Nuru. Nuru yuko chuo mwaka wa pili.
Kaka yangu wa Tanga, rangi umeisingizia tu. Mpigie mwenye gari lake.

Bin Chumbageni:
Nimempigia jana usiku. Yuko Muheza, ana shamba la michungwa. Nikamweleza yote, mtaro, baraza, uongo. Akacheka mpaka akakohoa. Fimbo anazikumbuka, sita. Halafu akanyamaza kidogo: "Sasa hiyo bluu umeitoa wapi? Langu lilikuwa la kijani."
Fundi, za kijani ziliwahi kutoka?

Fundi Cherehani:
Zilitoka. Tena kijani ndiyo iliyotangulia.

Bin Chumbageni:
Haya. Jumamosi nipo Karume.