Kutoa sauti safi kwenye Game Boy ya zamani: nianzie wapi?

Mwana_Kamalondo (Lubumbashi)
Ndugu mafundi na wanamuziki, nawasalimu. Nina Game Boy ya kwanza kabisa, ile mashine ya michezo ya mkononi ya kijivu ya mwaka 1989, na ninaitumia pamoja na programu ya LSDj kutunga midundo ya bendi yetu. Nikisikiliza kwa hedifoni naridhika, lakini nikiunganisha tundu la hedifoni na mikseri, husikika mvumo hata wimbo ukiwa umesimama, na besi inakonda. Tena nataka kuweka taa nyuma ya skrini, maana jukwaani sioni ninachoandika. Nianze na lipi, na je, fundi wa simu wa soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, anaiweza kazi hii?

Fundi_Katuba
Ndugu yangu, anza na sauti. Prosesa ya kifaa hicho hutoa sauti nne: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya wimbi unalolichora mwenyewe, na moja ya mchakacho unaotumika kama ngoma. Sauti hizo hupita kwenye gurudumu la kuongezea sauti, kisha kwenye kikuza sauti kidogo kilichokusudiwa spika na hedifoni, na hapo ndipo mvumo mwingi huingia na besi hupungua. Dawa yake ni kuichukua sauti kabla haijafika huko: waya wa kushoto na wa kulia hulehemewa kwenye pini za gurudumu, wa tatu huenda ardhi (upande hasi wa umeme wa bodi), na zote zinaishia kwenye tundu jipya utakalotoboa ubavuni. Ukiichukua kabla ya gurudumu, gurudumu halitakuwa na kazi tena kwenye tundu hilo, na sauti utaipandisha kwenye mikseri. Mimi hupendelea hivyo, kwa sababu gurudumu la umri huo huwa limejaa vumbi na hukwaruza likizungushwa.

Fundi anayelehemu bodi za simu ataziona pini hizo kuwa kubwa na rahisi kwake. Mwambie tu kwamba skrubu za nje zina vichwa vyenye mkato wa mbawa tatu, kwamba mbili zimejificha kwenye chumba cha betri, na kwamba nusu mbili za kasha zimeunganishwa kwa utepe mwembamba ambao haupaswi kuvutwa kwa nguvu. Kabla ya kutoboa, aliweke tundu jipya mahali pake na kulifunga kasha, ahakikishe halibani kitu.

Dada_Ruashi
Nakubaliana na Fundi, ila taa nayo ina gharama yake. Ili kuiweka, ni lazima ubandue karatasi inayorudisha mwanga nyuma ya kioo, na ukikosea unakwaruza skrini ambayo huipati kirahisi hapa kwetu. Taa pia huweza kuleta mvumo wake mpya, hivyo sikiliza kwanza kazi ya sauti ikiwa peke yake. Ukiweka taa na mvumo ukarudi, utajua umetoka wapi, na kapasita (kipande kidogo kinachotuliza umeme) kati ya chanya na ardhi ya taa mara nyingi husaidia.

Jukwaani tumia betri 4 za AA, kwani adapta rahisi huongeza mvumo. Ukilazimika kutumia adapta, iwe ya volti 6 na hasi iwe katikati ya plagi, kinyume cha adapta nyingi zinazouzwa. Na kabla ya yote, nakili nyimbo zako kwenye kompyuta: katriji nyingi (kile kijisanduku cha programu unachochomeka) huzihifadhi kwa betri ndogo ya ndani, nayo ikifa, nyimbo zinapotea.

Mwana_Kamalondo
Asanteni sana, nitaanza na sauti. Je, mashine yetu ya ngoma inaweza kwenda pamoja nayo?

Fundi_Katuba
Ndiyo, ikiwa ina MIDI, yaani njia ya ala za kielektroniki kupelekeana amri. Arduinoboy, saketi inayojengwa juu ya Arduino (bodi ndogo unayoweza kuiandikia programu), huunganishwa kwenye tundu la kuunganishia Game Boy mbili na kuipelekea LSDj mapigo ya saa ya MIDI. Ndani ya kifaa hakuna cha kulehemu. Unahitaji kebo ya kuunganishia tu, ambayo upande mmoja wake hukatwa, na kila waya hupimwa kwanza kwa mita ya umeme ili kujua unakoelekea, kwa kuwa rangi za waya hutofautiana kati ya kebo na kebo.