Nimemuudhi mzee jirani kwa mazoea ya Ujerumani, niombe radhi vipi?

Mrudi wa Kibosho:
Wakuu habari zenu. Naishi Leipzig, huu mwaka wa saba. Nimerudi nyumbani Kibosho kula Krismasi na nimeshaharibu.

Juzi saa moja asubuhi niko barazani na chai yangu, akaja mzee mmoja, kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, na chetu vinapakana. Huyu kanibeba mgongoni nikiwa mdogo. Shikamoo, marahaba, kisha kimya. Nikamuuliza, "Mzee, kuna shida? Ungenipigia kwanza, ningejiandaa." Haki ya Mungu nilidhani namheshimu! Kule hata rafiki wa karibu tunapangana wiki mbili kabla. Mzee akasema, "Hapana, nilikuwa napita tu," akageuka. Chai sikumkaribisha. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi za mtori, nikasikia kisu kimesimama. Hakunisemesha mpaka jioni.

Tangu siku hiyo mzee hajatuma mtoto kuchukua maziwa kwetu. Nimpigie simu? Au nimrushie chochote kwenye simu? Naondoka tarehe 6 Januari. Msinitukane sana.

Kipara wa Kijenge:
"Ungenipigia kwanza"! Si ungempa fomu ajaze kabisa.

Mama Mtori:
Mwanangu, simu hiyo hiyo ndiyo imekuponza, na wewe unataka kuirudia. Hela usitume, ataona unamlipa aondoke tena. Umesahau sale, jani letu la kuombea msamaha? Hapo mpakani mwa vihamba vyenu yamejaa. Kata jani, tafuta pombe ya mbege, nenda na mjomba wako, usiende peke yako. Mchaga akiletewa sale hakatai kusamehe.

Niko Hannover:
Msimcheke, hamjui kule kunamfanya mtu nini. Mwezi wangu wa kwanza nilimpelekea jirani sahani ya maandazi, bila taarifa. Akafungua mlango nusu, akauliza kama kuna dharura. Yaani maneno ya mleta mada yale yale! Nikala maandazi yote mwenyewe huku nalia. Kesho yake nikakuta kikaratasi mlangoni: Alhamisi, saa kumi, kahawa. Nilipokwenda nilikuta kaoka keki, katandika kitambaa, kazima simu. Tulikaa mpaka giza. Kumbe mkarimu, ila ukarimu wake una tarehe. Tatizo lako mkuu ni kwamba tarehe umeibeba kwenye begi ukaja nayo Kibosho.

Dereva Noah:
Sale kwa kikombe cha chai? Mama Mtori unakuza mambo. Sale ni la ugomvi wa mipaka, watu wamekaa miaka hawasalimiani. Aende tu asubuhi, akae, anywe atakachopewa.

Mama Mtori:
Kosa si chai. Mzee kafukuzwa mlangoni kwa rafiki yake, na mtoto aliyembeba mwenyewe. Wewe endesha gari.

Mrudi wa Kibosho:
Mrejesho. Nimekwenda leo na mjomba, ndoo ya mbege na sale mkononi. Nilikuwa natetemeka kuliko siku ya viza. Mzee kalipokea jani kwa mikono miwili, kalitazama, halafu uso mkavu: "Ungenipigia kwanza, ningejiandaa." Mjomba kacheka mpaka kata ikamponyoka.

Tumerudi saa mbili usiku. Mtoto wa maziwa tumemkuta barazani, mama anampa chai.