Tupeane uzoefu: lugha ya kigeni uliyosomea chuoni uliichaguaje?

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, kombi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), anataka ualimu wa masomo mawili. Kiswahili kimeshapita, la pili ndilo linamnyima usingizi: Kifaransa au Kichina? Mimi nilichukua Kifaransa na Kiingereza, lakini Kifaransa nilikuwa nacho tangu kidato cha kwanza. Mlioanzia sifuri, tuambieni ukweli.

Mchangiaji, Mwanza
Nilianza Kichina sijui hata salamu. Mwanzoni kuandika hakukunisumbua kama toni. "Ma" ukiitamka juu bila kuyumba ni mama, ukiipandisha ni katani, ukiishusha kisha ukaipandisha ni farasi, ukiiangusha ghafla ni kukaripia. Wiki sita nilikuwa sisikii tofauti. Kisha nikakumbuka kwamba Kisukuma cha nyumbani nacho hupanda na kushuka. Nikaacha kusikiliza kwa sikio la Kiswahili, nikasikiliza kama ninavyomsikiliza bibi, toni zikaanza kukaa.

Herufi nilizishika kwa vipande vyake. Yale matone matatu ya maji upande wa kushoto utayakuta kwenye mto, kwenye ziwa na kwenye bahari. Ukishakijua kipande, nusu ya kazi imekwisha.

Ila dada, mwambie mdogo wako hili mapema: Kichina kinataka kila siku, na somo la pili halikusubiri. Kila alfajiri nilikuwa na herufi, Historia nikaiwekea Jumamosi tu. Mwaka wa pili nikapata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, zote za Historia. GPA, yaani wastani wa alama zako zote, ni moja, haijui kwamba ulikuwa unapenda upande mmoja.

Mchangiaji, Unguja
Mimi Kiarabu. Nimesoma madrasa tangu nina miaka mitano, nikadhani nimemaliza nusu ya safari. Wapi! Msahafu una irabu, gazeti halina. Unasoma neno kwa kulijua, si kwa kuliona. Na maneno tuliyoyarithi yana maana nyingine kule: nilipoona somo la "adab" nilidhani tutafundishwa adabu, kumbe ni fasihi. Lakini matamshi ya ع (ain) na ح (ha), zile za kooni, niliingia nayo, wenzangu wa bara waliyahangaikia mwaka mzima. Nisingechagua nyingine.

Mchangiaji, Kigoma
Kifaransa. Huku Burundi na Kongo ziko mlangoni, na tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 barua za Kifaransa hazikauki mezani kwangu. Aangalie pia sifa za kujiunga: kuna vyuo vinataka uwe na alama ya lugha hiyo kwenye matokeo ya sekondari.

Mwanzisha mada
Nimemsomea yote. Hiyo ya sapu imemnyamazisha, amechukua daftari anapanga ratiba ya wiki. Waliosoma Kijerumani au Kireno pamoja na Kiswahili, mko wapi?