Naomba ushauri: kwenye skripti watu walicheka, kwenye animatiki kimya

MchoraUsiku: Wakuu, habari zenu. Tuko kikundi kidogo, tunatengeneza kipindi cha katuni ya kejeli kwa watu wazima, dakika 22. Siku ya kusoma skripti na waigizaji, watu walicheka hadi machozi. Tukarekodi sauti, tukachora storibodi (michoro ya kila onyesho kwa mfuatano), tukaviunganisha kupata animatiki, yaani video ya majaribio kabla ya katuni yenyewe. Tumeitazama wote na hakuna aliyecheka. Mwenzetu mmoja anataka tuandike upya theluthi nzima.

Mfano: Mheshimiwa Kiboko anazindua daraja. Anakata utepe, anahutubia kwa mbwembwe, "Ndugu zangu, leo tumefika ng'ambo!", kumbe daraja limeishia katikati ya mto.

La pili: kuna Fisi anayejifanya nabii, anauza maji ya mto kama dawa. Nusu ya timu inataka atolewe. Mimi nalipenda sana hilo onyesho, ila sitaki kumdhalilisha mtu anayesali kwa dhati. Nisaidieni, tunakaribia kuanza kuchora rasmi.

Mkasi: Msiandike upya chochote kwanza. Kwenye animatiki, daraja zima linaonekana lini?

MchoraUsiku: Mwanzo kabisa. Tunaanzia juu: mto, daraja, umati, halafu tunamsogelea Kiboko.

Mkasi: Basi mzaha umeshatoboka kabla hajafungua mdomo. Kwenye karatasi msomaji analijua daraja pale mlipoamua ajue, lakini picha pana inamwaga kila kitu kwa mkupuo. Anzeni na uso wa Kiboko na utepe tu. Hotuba, makofi. Akimaliza kusema "ng'ambo", kateni hapohapo kwenda picha pana, na asisikike mtu. Acheni fremu (picha mojamoja za video) 36, yaani sekunde moja na nusu kama mnatumia fremu 24 kwa sekunde. Kisha kipande cha utepe kidondokee majini.

Tena, kama waigizaji walirekodi mmojammoja, sauti zao huenda zimebanana. Pumzi kati ya mstari na mstari inawekwa na mhariri. Tengenezeni matoleo mawili, moja la kimya kifupi na jingine kirefu, muwaonyeshe watu ambao hawajawahi kuiona skripti. Nyinyi mmeisikia mara nyingi mno, kicheko chenu hakipimi tena.

Tingatinga: Mimi namuunga mkono huyo mwenzenu. Wale wa South Park, katuni ya kejeli ya Marekani, wamejulikana kwa kutengeneza kipindi kwa siku sita na kuandika upya hadi dakika za mwisho. Kuandika upya ndiyo kazi yenyewe.

BiKatuni: Mkuu, wale wana wahusika bapa walioko tayari kwenye kompyuta na timu iliyozoea kukesha. Hata hivyo, Oktoba 2013 umeme ulikatika studioni na kipindi hakikuwahi kurushwa siku yake. The Simpsons, katuni nyingine ya Marekani, huchukua miezi mingi kwa kipindi kimoja, kwa sababu uchoraji mwingi unafanyika Korea Kusini na kurudia ni gharama. MchoraUsiku, kama mnachora kwa mkono, animatiki ndiyo nafasi yenu ya mwisho ya kubadilisha kwa bei nafuu.

Ila kabla hamjamkatalia mwenzenu, pitieni mfuatano wa matukio. Trey Parker na Matt Stone, waanzilishi wa South Park, wana kipimo wanachofundisha hadharani: kati ya tukio na tukio iingie "kwa hiyo" au "lakini". Mkiona "halafu, halafu, halafu", hapo pana ugonjwa ambao mhariri hawezi kuutibu.

Kuhusu Fisi, tazameni anayechekwa ni nani. Kama umati umechorwa wajinga wanaomeza kila kitu, mnawapiga walioibiwa. Mpeni mmoja wao akili. Mgonjwa amuulize: "Kama maji haya yanatibu, mbona wewe unakohoa?" Na pelekeni skripti kwa wakaguzi wa kituo cha televisheni kitakachokirusha sasa hivi, kabla ya kuchora.

MchoraUsiku: BiKatuni, hilo swali nampa Mama Kobe! Amesimama kwenye foleni ya Fisi onyesho zima bila kusema neno. Asanteni sana. Daraja tunalihariri upya leo, Mama Kobe tunamwita arekodi.

Mkasi: Safi. Kikohozi cha Fisi mkirekodi pembeni, kwenye faili lake peke yake. Mkikiacha kimeshikana na mazungumzo, hamtaweza kukisogeza mkigundua kimewahi kabla ya swali la Mama Kobe.