Iafoni za kuzima kelele: matatu asubuhi, ofisi ya wazi mchana

roysambu_mjini aliuliza:

Wakuu, habarini. Natafuta iafoni zisizo na waya za kuzima kelele, za daraja la juu, bajeti elfu 35. Nitazitumia kwenye matatu ya Thika Road, saa moja kwenda na saa moja na nusu kurudi, halafu ofisini Upper Hill, ukumbi mmoja usio na kuta ambamo watu thelathini wanapiga simu. Simu ni Android, si Samsung. Kompyuta ni ya Windows, na nina mikutano miwili mitatu kila siku. Pesa yangu iende wapi hasa, na ni sifa gani nisizilipie?

sauti_safi alijibu:

Anza na sikio, jina la kampuni lifuate. Iafoni ya bei yoyote isiyoziba sikio vizuri ni pesa iliyotupwa, na sababu ni hii.

Maikrofoni ya nje hunasa kelele, chipu hutengeneza wimbi lililo kinyume chake, spika hulicheza, na mawimbi hayo mawili yanauana. Maikrofoni ya ndani hukagua kilichobaki na kurekebisha. Mngurumo wa hezi 100 (mitikisiko 100 kwa sekunde) una wimbi la urefu wa mita 3.4 hivi, kwa hiyo chipu ina nafasi ya kuulenga. Sauti ya hezi 5,000 ina wimbi la sentimita 7 tu, na ukichelewa kidogo umeshaikosa. Ndiyo maana injini ya dizeli na feni za ofisini hufifia sana, ilhali honi na makanga anayeita "mbao, mbao, beba mbao" bado hupenya. Sauti hizo kali huzuiwa na kitu kimoja tu: mpira unaoziba tundu la sikio. Mpira ukiacha mwanya, unapoteza pande zote mbili. Sauti kali zinaingia, na besi inavuja, hata ile besi ambayo chipu inaihitaji kupigana na mngurumo.

Jipime hivi kabla hujalipa. Vaa zote mbili, zima kuzima kelele, usicheze wimbo, kisha ongea kwa sauti ya kawaida. Sauti yako iwe nzito, kama unaongea ukiwa umeingiza kichwa kwenye mtungi. Ukijisikia kawaida, pana mwanya. Badilisha mpira, na usishangae sikio la kushoto likitaka saizi tofauti na la kulia, ni jambo la kawaida sana.

Kwa matumizi yako ningechukua Sony WF-1000XM5 ya 2023. Saa 8 kwa chaji moja huku kuzima kelele kumewashwa, 24 ukijumlisha kikasha, na inaunganishwa na simu na kompyuta kwa wakati mmoja, jambo ambalo wewe utalihitaji kila siku. Mipira yake ni ya sponji, saizi nne. Bose QuietComfort Ultra Earbuds, za 2023 pia, ziko juu kabisa kwenye kuzima mngurumo, ila ni saa 6 tu, na kikasha cha toleo hilo hakichajiwi bila waya mpaka ununue kifuniko chake kando. Samsung Galaxy Buds3 Pro ziache: kodeki yao bora (namna ya kubana sauti ili ipite kwenye Bluetooth) hufanya kazi na simu za Samsung pekee. AirPods Pro nazo nzuri kweli, lakini utakuwa unalipia mambo ambayo yanaishi ndani ya iPhone.

Usilipie sauti ya kuzunguka kichwa wala vidhibiti vya kutikisa kichwa. Kwenye matatu hutavikumbuka.

bibi_kodeki alijibu:

Naongeza kuhusu LDAC, kodeki ya Sony ya ubora wa juu, maana muuzaji atakuimbia. Ni kweli inafika kilobiti 990 kwa sekunde, na simu nyingi za Android zinayo. Lakini ukiwa stejini pale Odeon, kila mtu ana Bluetooth yake hewani, na kiwango hicho kikubwa ndicho cha kwanza kukatika. Ndani ya programu ya iafoni chagua kipaumbele cha muunganisho badala ya ubora wa sauti ukiwa safarini. Betri nayo itadumu zaidi. Nyumbani usiku, irudishe.

kaunta_ya_luthuli alijibu:

Ndugu, kabla ya kodeki, hakikisha ni halisi. Bandia za siku hizi zina boksi sawa, uzito sawa, hata namba ya utambulisho (serial) iliyonakiliwa kutoka kwa iafoni halisi, kwa hiyo namba kukubaliwa kwenye tovuti ya kampuni hakuthibitishi kitu. Mambo mawili ndiyo yanayowashinda watengenezaji wa bandia. Kwanza, programu rasmi: iunganishe ukiwa dukani, uone asilimia ya betri ya kila sikio, kiwango cha kuzima kelele kinavyobadilika, na jaribio la mpira kwenye sikio. Kwa AirPods, iPhone yenye iOS 16 au zaidi hutoa onyo ikishindwa kuzithibitisha. Pili, mlango wa duka. Simama pale barabarani matatu zikinguruma, bila wimbo, washa na uzime. Halisi, mngurumo unaanguka kama mtu amefunga dirisha zito. Bandia, unasikia mvumo mdogo wa "shhh" na injini iko palepale.

Ukiuziwa zilizotumika, betri ndiyo ugonjwa wake. Chaji zifike 100, cheza dakika 30 huku kuzima kelele kumewashwa. Iafoni ya saa 8 inapaswa kushuka asilimia 6 hivi. Ikishuka 12, imebaki saa 4, na betri hizo ndogo hazibadilishwi na fundi yeyote wa mtaani bila kuvunja ganda. Angalia kila sikio peke yake, kwa sababu mara nyingi moja huchoka kabla ya jingine.

Dai risiti ya eTIMS (ile ya kielektroniki ya KRA) yenye namba ya utambulisho ya bidhaa imeandikwa juu yake, na uulize waziwazi dhamana inashughulikiwa hapa Nairobi au ni ya nchi zilikotoka.

roysambu_mjini aliuliza:

Shukrani sana wakuu. Mawili tu yamebaki. Nimejaribu za rafiki: kwenye nganya (matatu iliyopambwa) yenye besi kubwa, gari likiruka bampu, nasikia "pap, pap" masikioni. Ni mbovu? Na kwenye mkutano, mara tu nikijiunga, sauti za wenzangu zinakuwa kama za redio ya zamani.

sauti_safi alijibu:

Si mbovu. Besi ile na mshtuko wa bampu husukuma hewa kwa nguvu kuliko uwezo wa maikrofoni, chipu inajaribu kuijibu, spika inafika mwisho wa mwendo wake. Shusha kiwango cha kuzima kelele kidogo, au kaa mbali na spika za nyuma. Lakini ikipiga "pap" hata ukiwa umeketi kimya ofisini, au ikipiga mluzi, angalia wavu mdogo wa ndani: nta ikiuziba, maikrofoni ya ndani inadanganyika. Toa mpira, geuza wavu uangalie chini, sugua taratibu kwa mswaki laini mkavu. Usitumie pini, itasukuma nta ndani.

Sponji nayo ina namna yake. Ibinye kwa vidole mpaka iwe nyembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ingiza, kisha ishikilie sekunde 15 ivimbe. Watu wengi huiachilia mapema, inavimbia nje ya tundu, kisha wanalalamika inadondoka. Ikishapoteza uwezo wa kurudi umbo lake kwa sababu ya jasho na mafuta, nunua nyingine.

bibi_kodeki alijibu:

La mkutano ni Bluetooth yenyewe. Maikrofoni ya iafoni ikiwashwa, mara nyingi Windows huhamia njia ya simu na ubora wa sauti yote unapunguzwa. Kwenye mipangilio ya mkutano, sauti ya kutoka ichague iafoni, ya kuingia ichague maikrofoni ya kompyuta. Hapo wenzako watarudi kuwa wazi. Ubaya wake ni kwamba maikrofoni ya kompyuta itachukua pia wale thelathini wanaopiga simu, basi jinyamazishe usipoongea, na zamu yako ikifika ya kuzungumza kwa muda mrefu, rudi kwenye maikrofoni ya iafoni.

Mvua ikikupata: zile Sony XM5 zina kinga ya maji ya kiwango cha IPX4, matone hayaziui, ila kikasha hakina kinga hiyo. Zifute na uziache zikauke kabla ya kuzirudisha humo, la sivyo pini za kuchajia zitaota kutu na sikio moja litaacha kuchaji. Na ukivuka barabara au ukipanda nduthi (pikipiki), washa hali ya kusikia mazingira, au toa moja kabisa.