Eti daraja letu "halisomi kwenye mfumo"! Yule jamaa wa ghorofa ya pili atanitia kichaa

Wakuu, naandika nikiwa bado nje ya jengo lao, nimeegemea bodaboda, mikono inatetemeka kwa hasira. Makosa ya uandishi mtanisamehe.

Yule jamaa wa ghorofa ya pili mnamjua. Mwenye kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja iliyowahi kuandika neno "ndiyo". Sina haja ya kumtaja, aliyewahi kupanda zile ngazi kashamjua.

Daraja la kijijini kwetu lilikatika masika ya mwaka juzi. Ni dogo, lakini zahanati iko ng'ambo, shule iko ng'ambo, soko la mpunga liko ng'ambo. Tunavukia magogo mawili ya mwembe. Wiki iliyopita tumemvusha mjamzito kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanne, maji kiunoni. Mguu wa nyuma kushoto nilishika mimi, najua ninachosema.

Kijiji kikanituma na barua. Halmashauri wakasoma kichwa cha habari tu: "Barabara si zetu tena tangu 2017, nenda kwa wakala wa barabara, TARURA." Nikaenda. Ndipo nikamkuta yeye.

Anakula chapati. Nikampa simu aone picha. Akaikuza kwa vidole vilevile vya chapati, akaangalia nguzo iliyolala, akaangalia magogo, akatikisa kichwa kwa masikitiko, nikasema moyoni hapa nimepata mtu. Akageukia kompyuta, akabofya bofya, akaniambia: "Daraja lenu halisomi kwenye mfumo."

Halisomi! Daraja nililolivuka tangu nina miaka sita! Babu yangu kabeba mawe ya msingi wake kichwani mpaka kipara kikaota hapo hapo! Nikamwambia, ndugu, si hilo hapo mkononi mwako? Akasema, "Mimi naliona kaka, mfumo ndio haulioni." Basi liingize. "Kuingiza ni Dodoma." Nikamuuliza, na wewe hapa kazi yako nini? Akaendelea kutafuna.

Katiba ibara ya 146 inataka madaraka yapelekwe kwa wananchi. Mimi mwananchi nimeyafuata mpaka ghorofa ya pili, sikuyakuta.

Halisomi, wakuu. Kwa mtu huyu hata mto hausomi. Nikizama kesho atawaambia wanangu baba yao hasomi. Nafungua simu sasa hivi, alama ya mafuta ya kidole chake bado iko kwenye kioo, juu kabisa ya daraja letu.

Chausiku wa Bondeni: Pole. Ila uliendaje? Ulivaa kandambili? Yule akiona kandambili hata ngazi zake hazisomi.

Mleta uzi: Nilivaa viatu vya kanisani! Sijaleta mada ya viatu hapa. Mtu ana picha ya daraja mkononi ananiambia halisomi!

Fundi Zege: Lina urefu gani? Isije ikawa ni kalavati unaliita daraja. Kwa kalavati hata mimi nisingeacha chapati.

Mleta uzi: Njoo uzame kwenye hilo kalavati.

Karani Mstaafu: Vijana hamkumbuki. 1972 ilikuja "Madaraka Mikoani". Jina zuri, ila halmashauri zilifutwa, tukaletewa maofisa kutoka serikali kuu. Miji ikachafuka, 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Za wilaya zikasubiri sheria za 1982. Greda letu lilikuwa moja, bovu, lakini diwani alijua limelala wapi na dereva wake anakunywa wapi.

Fundi Zege: Mzee, greda bovu lililolala halimvushi mjamzito.

Mwalimu wa Zamu: Bora wewe daraja. Mimi naomba uhamisho nimfuate mume wangu, huu mwaka wa nne. Ninakotoka wamekubali, ninakokwenda wamekubali, kibali kiko Dodoma. Mwanangu anamwita baba yake "anko wa kwenye simu".

Chausiku wa Bondeni: Anko wa kwenye simu 😂 Mwalimu pole jamani.

Mpangaji Namba Moja: Mnalia nini nyie? Kodi ya jengo ilikuwa ya halmashauri, ukilipa unawadai taka zako zizolewe. Ikapelekwa TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu, halafu 2021 wakaichomeka kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, ilianza 1,000 sasa 1,500 kwa mwezi. Mimi ni MPANGAJI. Nanunua umeme nalipia nyumba ya mtu mwingine!

Fundi Zege: Mkate mwenye nyumba kwenye kodi ya pango.

Mpangaji Namba Moja: Nilimwambia. Akanijibu, "Mita iko upande wako."

Mjaluo Halisi: Ndugu zetu, huku Kenya tuna kaunti 47 tangu 2013. Hospitali zilipewa kaunti, na 2017 bado madaktari walikuwa kwenye mgomo wa siku 100. Ofisi ikiwa karibu unachookoa ni nauli peke yake.

Mleta uzi: Mimi hata nauli sijaokoa. 14,000 kwenda na kurudi, naambiwa halisomi.

Mwalimu wa Zamu: Kuna mtu humu anafahamiana na mtu wa uhamisho Dodoma? Naombeni ujumbe binafsi.

Chausiku wa Bondeni: Kuhusu LUKU, kwetu tuko wapangaji sita mita moja. Anayewahi kununua tarehe moja ndiye anayekatwa. Tangu Juni watu wanalala giza wakiviziana.

Mleta uzi: Wakuu, mvua imeanza huku.

Mpangaji Namba Moja: Sita? 1,500 gawa kwa sita ni 250 kila mtu. Chausiku, mnalala giza kwa ajili ya 250?

Chausiku wa Bondeni: Huwajui hao watano.